Mgonjwa wa Namba Sita

Siku ya nne ya upelelezi, Inspekta Hiram Ndung'u aliomba aonyeshwe mpira wenyewe.

Daktari Gachanja, mkuu wa kituo cha utafiti kule Milimani, akautoa kabatini. Ulikuwa mweusi, mwembamba kama kidole cha mwisho, mrefu kupita mita moja, na ulikuwa na taa ndogo nchani. Akaeleza kwamba mgonjwa hulala kwa ubavu wa kushoto, hupuliziwa ganzi kooni, kisha mpira hupitishwa mdomoni hadi tumboni huku daktari akitazama kila kitu kwenye skrini. Ndung'u alisikiliza kwa makini, ila mkono wake ulikuwa umeenda wenyewe kushika tumbo. Kwa miaka miwili sasa alikuwa akitembea na vidonge vya asidi mfukoni na kuvitafuna kama njugu, na mkewe alikwisha choka kumwambia aende akapimwe.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Gachanja akasema, jicho lake likiwa kwenye ule mfuko uliotuna.

"Tumbo langu halijaripoti kituoni, daktari. Aliyeripoti ni Maxwel Odero."

Huyo Maxwel alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, ambaye babu yake aliletwa Nakuru na kazi ya reli. Mwezi wa Januari alijiandikisha kwenye utafiti wa kituo hiki, uliokuwa ukitafuta saratani ya koo la chakula ikiwa bado changa, kabla mtu hajaanza kukwamwa na ugali. Wiki tatu baadaye aliitwa akaambiwa kwamba kipande cha nyama kilichokatwa kooni mwake kilikuwa na saratani. Akarudi nyumbani, akagawa vyombo vyake vya kazi, akawapeleka watoto kwa mama yake, akakaa akingoja siku ya kutibiwa huku akijihesabu kuwa marehemu. Siku ilipofika, mpira uliingizwa tena, na koo likakutwa zima. Wakarudia. Zima. Maxwel akaenda kupimwa hospitali nyingine kabisa, nako akaambiwa hana kitu.

Hapo ndipo alipokuja kwa polisi. Alisema kituo kinatunga wagonjwa ili utafiti uonekane una maana, na kwamba sista aliyemhudumia, Joan Akeyo, ndiye mtunzi. Sista akasimamishwa kazi siku hiyo hiyo.

Ndung'u aliianza kesi akiamini maneno ya fundi. Alishinda siku mbili maabara akihesabu vichupa, akilinganisha lakiri na sahihi, akimsumbua fundi wa maabara mpaka yule bwana akaanza kujificha chooni. Hakuona hila yoyote. Nyama iliyokatwa siku ile na kuandikwa namba sita, namba ya Maxwel, ilikuwa nyama ya mtu, na saratani iliyokuwamo ilikuwa saratani kweli. Ila haikuwa ya Maxwel.

Basi ilikuwa ya nani? Swali hilo lilimnyima Ndung'u usingizi kuliko asidi. Siku ile walipimwa watu ishirini na wawili. Mmoja wao alikuwa anatembea huko nje na barua ya kumwambia kwamba ni mzima, na wiki kumi na moja zilikuwa zimekwisha pita.

Gachanja naye hakuwa amekaa kitako. Alikuwa ameanza kuwaita wote upya, na tisa walikuwa wamerudi wakakutwa wazima. Walibaki kumi na wawili, waliotawanyika kuanzia Longonot hadi Olenguruone, wengine simu zao hazipatikani mpaka wapande kilimani. Mpira mmoja ulikuwa umeharibika, uliobaki ulikuwa na foleni ya wagonjwa wengine wanaotapika damu kwa sababu ya ugonjwa wa ini, na kwa mwendo huo, wa mwisho angepimwa baada ya miezi miwili.

"Niambie nianze na nani," Gachanja akasema, macho mekundu kwa kukosa kulala. "Nipe sababu moja tu, nami nitakupa jina."

Ndung'u akaomba kuona picha za namba sita. Gachanja akazileta kwenye skrini moja baada ya nyingine. Alionyesha pale walipopulizia dawa ya aidini ndani ya koo: sehemu nzima iligeuka kahawia, lakini palikuwa na baka dogo lililokataa rangi, likabaki jeupe, ukubwa wa ukucha. Huo ndio ugonjwa. Kisha zikaja picha za tumbo, na kwenye ukuta wa tumbo kulikuwa na vidoadoa vyeusi, vidogo kama vumbi la makaa.

"Na hivi?"

Gachanja akafungua ripoti yake mwenyewe. Alikuwa ameandika kwamba labda ni damu ya zamani iliyoganda, ingawa hakuona kidonda chochote ambacho kingeitoa. Akakiri kwamba jambo hilo lilimkera siku ile, lakini wagonjwa walikuwa wengi naye akasonga mbele.

Ndung'u alisogeza kiti hadi pua yake ikakaribia kioo. Kabla ya kuletwa Nakuru alikuwa amehudumu Bomet miaka sita, na kule hakuna boma aliloingia bila kukaribishwa kikombe cha mursik. Maziwa yale hugandishwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kijinga cha moto cha mti fulani. Ukiyanywa ukayamaliza, chini ya kikombe hubaki vidoadoa kama hivi hivi. Mkewe alikuwa akivikuta hata kwenye masharubu yake.

Akauliza kama mkaa ungeweza kuonekana hivyo tumboni. Gachanja, ambaye alilelewa kwa chai ya maziwa na viazi, aliikuza picha, akaigeuza, akaikuza tena. Akasema inaweza. Ila wagonjwa wote walikatazwa kula na kunywa tangu usiku uliotangulia, na kila mmoja aliapa kwamba alitii.

"Walikatazwa chakula, daktari. Muulize mzee yeyote wa Kalenjin kama mursik ya alfajiri ni chakula. Atakwambia amekunywa tu kitu cha kufungua macho."

Ilikuwa sababu, lakini haikutosha, kwa kuwa kati ya wale kumi na wawili, saba walikuwa Wakalenjin. Ndung'u akaomba nakala ya daftari la siku ile, akaikunja mara mbili, akaenda kumtafuta Maxwel.

Alimkuta kwenye kibanda chake karibu na viwanda, amekalia geti ambalo hajalimaliza, ameazima mashine ya jirani kwa kuwa yake aliigawa. Mkewe, Nerima, alikuwa amemletea chakula cha mchana. Maxwel alikuwa bado na hasira ya mtu aliyezikwa akafukuliwa, na ni nani angemlaumu? Ndung'u aliisubiri hasira hiyo ipite, kisha akamuuliza alikula nini siku ya kupimwa. Hakula. Na jioni yake? Ugali na omena. Maziwa?

"Maziwa hunifungua tumbo tangu nikiwa mtoto, afande. Hata chai mimi ni strungi tu, bila maziwa."

"Mursik umewahi kuonja?"

Maxwel akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama amewahi kula sabuni. Nerima akacheka, ikawa mara ya kwanza kicheko kusikika pale kwa siku nyingi. Ndung'u akaandika, kisha akauliza saa aliyoingia chumba cha kupimwa. Maxwel hakukumbuka. Nerima ndiye aliyekumbuka. Alisema siku hiyo mumewe alifika nyumbani giza likiwa limeingia, ana njaa mpaka akala kwenye sufuria akiwa amesimama.

Ndung'u akafungua nakala ya daftari. Namba sita aliingia saa tatu na dakika kumi asubuhi, na saa nne alikuwa ameruhusiwa kwenda.

"Haiwezekani," Maxwel akasema. "Mimi niliingia wa mwisho kabisa. Hata mtu wa kufagia alikuwa ameanza kufagia."

"Namba sita akawa wa mwisho?"

Maxwel akafungua mdomo kujibu, akaufunga. Baada ya miaka thelathini ya kazi alijua kwamba kuna kimya ambacho mpelelezi akikivunja amepoteza kesi.

"Aah," Maxwel akasema polepole. "Si nilimpa yule mzee."

"Ulimpa nini?"

"Nafasi yangu. Alikuwa ametoka mbali huko juu, aliamka saa tisa usiku, na alikuwa na namba ishirini na mbili. Gari ya kwao inatoka stendi saa sita. Angengoja mpaka wa mwisho angelala nje. Na pale mlangoni askari haangalii mtu, anaangalia kadi. Kwa hivyo tukabadilishana kadi."

"Maxwel, nimekuandikia taarifa mara mbili. Mbona hukusema?"

"Kusema nini, afande? Mzee ni mzee. Hiyo si kitu mtu anaenda kuandikisha kwa polisi."

Alisema hivyo kwa unyofu kabisa, na Ndung'u akajua hadanganyi. Kumpisha mkubwa wako kwenye foleni ni jambo ambalo mikono hulifanya bila kumuuliza mwenyewe, na mtu akirudi nyumbani amekwisha lisahau. Kama angemsukuma yule mzee angekumbuka.

Nerima ndiye aliyefika mwisho wa hesabu kwanza. Aliweka kiganja mdomoni. Maxwel akamtazama, halafu akamtazama inspekta, na hasira yote ikamtoka usoni ikabaki hofu.

"Kwa hivyo ni yeye anaumwa. Na mimi ndiye nilimpa hiyo kadi."

Ndung'u alimwambia bila kuzunguka kwamba hakukosea. Alimtendea mtu wema, na wema wake ulipita mahali ambapo mwingine alipaswa kusimama mlangoni na kuuliza. Maxwel akatikisa kichwa. Akasema huyo mwingine basi ajibu.

Sista Joan Akeyo alikuwa akiishi nyumba ya kupanga, chumba na sebule, na sare yake nyeupe ilikuwa imepigwa pasi ikaning'inizwa mlangoni kana kwamba angeitwa kazini wakati wowote. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini ya watu waliozoea kuwatuliza wengine. Alirudia yale aliyoyasema mwanzo. Kwa ajili ya kutunza siri, wagonjwa wa utafiti huitwa kwa namba, si kwa majina. Lakini mgonjwa akishaingia na mlango kufungwa, muuguzi humuuliza jina lake kimyakimya, hulilinganisha na faili, na kutia alama daftarini. Yeye aliwauliza wote ishirini na wawili.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na Ndung'u hakumlaumu. Alitandaza ile nakala juu ya meza, akamwonyesha safu ya saa za kuingia. Saa ya kwanza iliandikwa kwa wino mzito, za katikati zilififia kalamu ilipokuwa ikiisha, na za mwisho zilikuwa za kalamu nyingine, mwandiko umechoka, umelala. Ndivyo siku ndefu inavyoonekana kwenye karatasi. Kisha akamwonyesha safu ya alama za majina. Alama ishirini na mbili zilikuwa za wino mmoja, zimeinama upande mmoja, zimeshuka moja kwa moja kama mshono wa cherehani.

"Hizi hukuziandika asubuhi, sista."

Akeyo aliivuta ile karatasi karibu. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya chini, kwamba aliziandika saa kumi na mbili jioni. Siku hiyo walikuwa wauguzi wawili, mwenzake akaitwa wodini kwa mgonjwa wa ini aliyetapika damu, naye akabaki peke yake akishika vichwa vya watu, akikausha mate yao, akiosha mipira. Aliuliza majina ya watu watatu wa kwanza. Baada ya hapo aliangalia kadi tu. Jioni daftari lilimkodolea macho likiwa na nafasi tupu, na akazijaza.

"Nilidanganya kwa sababu niliogopa leseni yangu," akasema. "Lakini sijalala, afande. Kila siku nawaza ni nani kati yao. Nikifunga macho nawaona wote."

Ndung'u alimhurumia, na hakuona haya kumhurumia. Alikuwa amewakamata watu wengi waliodanganya kwa uovu, na huyu hakuwa mmoja wao. Lakini daftari la uongo ni daftari la uongo, na akamwambia wazi kwamba ataliandika lilivyo kwenye faili. Akeyo akasema aandike. Kisha akauliza jambo moja tu: je, amejulikana?

Ndung'u akampigia Gachanja simu. Akampa sababu zake mbili, mursik na kadi, na Gachanja hakuzihoji. Kwa dakika nzima ilisikika sauti ya kurasa, kisha jina. Namba ishirini na mbili ni Kipkemei arap Chumo, wa miaka sabini na mmoja, wa Olenguruone. Barua yake ilisema ni mzima. Simu yake haikupatikana tangu wiki iliyopita.

"Nishtaki kesho," Akeyo akasema, amekwisha simama. "Leo nipeleke kwake. Nataka aambiwe na mimi."

Kanuni zilikataa jambo hilo kwa namna zisizopungua tatu, na Ndung'u alizijua zote. Akamfungulia mlango wa gari.

Walipita Njoro na Molo bila kuzungumza sana. Kutoka hapo barabara ilianza kupanda katikati ya mashamba ya viazi, baridi ikaingia madirishani, na mara mbili waliuliza njia. Saa kumi jioni walisimama mbele ya boma lenye ua wa miti ya sipresi. Mwanamke kijana aitwaye Zeddy, mke wa mwana wa mzee, aliwapokea kwa adabu na wasiwasi, kama watu wanavyompokea polisi. Akeyo akamwambia kwamba wametoka hospitali. Uso wa Zeddy ukafunguka. Akasema mzee alifurahi sana alipopata ile barua, akachinja kondoo, akaita majirani, akashukuru Mungu mbele ya kanisa zima.

Akeyo akauliza anakulaje siku hizi.

Zeddy akasema anakula vizuri, ila wiki mbili hizi ugali anaulowesha kwanza. Anasema ni meno. Ndung'u na Akeyo hawakutazamana.

Mzee Kipkemei alitoka nyuma ya nyumba akiwa na koti zito na mikono yenye udongo. Alimtambua Akeyo mara moja, akamshukuru kwa namna alivyomshika kichwa siku ile, akisema hakujua mgeni anaweza kumshika mtu hivyo. Akeyo akasimama pale, na Ndung'u akadhani hataweza. Aliweza. Alimweleza yote kwa Kiswahili chepesi, bila kujificha nyuma ya neno lolote kubwa. Alisema barua ile ilikuwa ya mtu mwingine. Alisema ugonjwa upo kooni, kwamba siku ile ulikuwa mdogo, wa kutolewa kwa mpira ule ule bila kupasuliwa, na kwamba sasa hakuna ajuaye umefika wapi mpaka watazame tena. Alisema mzee hakufanya kosa, wala kijana aliyempisha. Yeye ndiye hakumuuliza jina, na baadaye akaandika kwamba alimuuliza.

Zeddy alikuwa ameanza kulia. Mzee alimtuma ndani akatafute viti, labda kwa sababu ya wageni, labda kwa sababu ya yale machozi. Alifikicha udongo kutoka vidoleni, kidole kimoja kimoja.

"Huyo kijana," akasema hatimaye. "Amekaa siku zote hizo akijua ni yeye anakufa?"

Akaambiwa ndiyo. Mzee akafunga macho.

"Pole yake. Ana watoto?"

Akaambiwa anao. Akatikisa kichwa kwa uchungu, kisha akauliza ni lini anatakiwa hospitali, na ni nani atakayekuwa chumbani. Akeyo akamjibu kwamba atakuwa muuguzi mwingine, mzuri tu, kwa sababu yeye amesimamishwa na hataruhusiwa kuingia tena. Mzee akasema hapo neno moja kwa Kikalenjin ambalo halikuhitaji kutafsiriwa, akamnyooshea Ndung'u mkono, akaomba simu.

Ili mtandao upatikane ilibidi wasimame juu ya jiwe kando ya lango. Ndung'u akampigia Gachanja, akamwambia kwamba mgonjwa amepatikana na anataka kusema naye, akampa mzee simu. Mzee aliishika kwa mikono miwili.

"Daktari, mimi ni Kipkemei. Nasikia umefukuza huyu mama. Nitakuja, lakini nataka yeye ndiye anishike."

Gachanja alieleza kitu kirefu. Maneno ya malalamiko na uchunguzi yalisikika hadi pale alipokuwa Ndung'u. Mzee alimwacha amalize.

"Nimesikia. Lakini aliyelalamika ni yule mzima. Mgonjwa ni mimi, na mimi silalamiki. Huyu amepanda mpaka huku kuniambia usoni kitu ambacho angeweza kuniandikia. Mtu kama huyo hawezi kunikosea mara ya pili. Mwingine simjui."

Kisha sauti ya Gachanja ikarudi, imelegea, ikiuliza kama mzee anaweza kufika kesho asubuhi, na kama sista yuko karibu asikie, kwa sababu wote wawili watahitajika saa mbili kamili. Akeyo aligeukia ua wa sipresi akajishika uso, na mabega yake yakamsaliti. Mzee Kipkemei akamjibu daktari kwamba gari likikosekana watashuka kwa miguu.